Makaa, Masizi na Nguvu ya Mpira

Makaa ya mawe ya Luena, katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, na masizi meusi yanayotiwa kwenye matairi ya lori yote ni kaboni kwa sehemu kubwa. Hata hivyo makaa hayo yakisagwa hadi yawe laini kama unga wa bukari, kisha yachanganywe na mpira wa asili, kinachopatikana ni mpira mweusi, mzito na wa gharama ndogo, wala si mpira wenye nguvu zaidi. Masizi yakitiwa kwa kipimo kile kile, mpira huo huo hukakamaa mara tatu au zaidi, hukataa kuchanika, na hulika polepole hata kwenye barabara ya changarawe. Tofauti iko katika ukubwa wa punje. Punje ya unga wa makaa hupimwa kwa maikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Ya masizi hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita.

Kitu kigumu kinachochanganywa ndani ya mpira kabla haujaivishwa huitwa kijazo. Jina hilo linadanganya kidogo, kwa sababu linaleta picha ya kitu cha kujazia nafasi na kupunguza gharama. Vijazo vya namna hiyo vipo, na unga wa makaa ya mawe ni kimojawapo; Marekani umeuzwa kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini kijazo chenye punje za nanomita kinabadilisha tabia ya mpira wenyewe, na hicho ndicho kinachohusu sura hii.

Mpira wa asili hutoka kwenye utomvu mweupe wa mhevea. Luena haina mashamba yake, kwa kuwa mhevea unataka mvua karibu mwaka mzima na kiangazi cha Katanga, ukanda ilimo Luena, ni kirefu. Mashamba ya Kongo yako kaskazini, katika msitu wa bonde la mto. Nyanda za kusini zilikuwa na mpira wa aina nyingine, uliotwangwa kutoka mizizi na mitambazi ya jamii ya Landolphia, na mwanzoni mwa karne ya 20 misafara iliubeba hadi pwani ya Benguela. Biashara hiyo ilikufa mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Utomvu wa mhevea na wa Landolphia una kemia ile ile ya msingi: minyororo mirefu mno ya molekuli za isoprini, iliyojikunja na kuviringana bila mpango.

Minyororo hiyo ikiachwa hivyo huteleza, na mpira hunata wakati wa joto na kukauka wakati wa baridi. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba salfa na joto huifunga minyororo pamoja hapa na pale, ikawa wavu mmoja. Mpira ulioivishwa namna hiyo hurudi kwenye umbo lake ukivutwa na kuachiwa.

Mpira wa asili una sifa moja ambayo mpira mwingi wa viwandani hauna. Ukivutwa sana, minyororo yake hujipanga sambamba na kuganda kuwa fuwele, na mahali palipoganda hupata nguvu pale pale ambapo mpasuko ungependa kupita. J. R. Katz alilionyesha jambo hilo kwa miale ya eksirei mwaka 1925. Ndiyo maana mpira wa asili ulioivishwa bila kijazo chochote unaweza kuhimili mvuto wa megapaskali 20 au zaidi kabla ya kukatika, ilhali mpira wa kutengenezwa wa staireni na butadieni, nao bila kijazo, hukatika kwenye megapaskali 2 au 3 tu. Wanaosoma matangazo ya vijazo vipya huliruka jambo hili. Kijazo kinaweza kuzidisha nguvu ya mpira wa kutengenezwa mara kumi. Kwa mpira wa asili, nguvu ya kukatika huongezeka kidogo tu, na pengine hushuka. Anachopata mtumiaji wa mpira wa asili ni ukakamavu, ukinzani dhidi ya kuchanika, na ukinzani dhidi ya kulika. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua umri wa tairi na wa mkanda wa mgodini.

Kwa nini udogo wa punje una uzito kiasi hicho? Jibu la kwanza ni eneo la uso. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwakatwa kuwa vichemraba vya nanomita 10, mada haijaongezeka hata chembe, lakini uso sasa ni mita za mraba 600. Gramu moja ya unga wa makaa wenye punje za maikromita 40 ina uso wa nje wa takriban sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Gramu moja ya masizi ya kawaida ya matairi, yenye punje za nanomita 30 hivi, ina karibu mita za mraba 80. Mpira hushikana na kijazo kwenye uso, wala hauna pengine pa kushikia.

Jibu la pili linahusu mpasuko. Kila kipande cha mpira kinachovutwa kina kasoro ndogo ambazo mpasuko huanzia. Punje kubwa kupita maikromita 10 ni kasoro yenyewe: mpira unaachana nayo, shimo linafunguka, na kipande kinakatika mapema. Punje za maikromita 1 hadi 10 hazidhuru sana wala hazisaidii. Chini ya maikromita 1 faida huanza kuonekana, na chini ya nanomita 100 ndipo mafundi wa mpira wanaposema kijazo kinaimarisha. Mipaka hii si ya kukata kwa kisu, lakini imethibitika kiwandani kwa zaidi ya karne moja.

Hayo yaligunduliwa kwa vitendo kabla ya kueleweka kwa nadharia. Matairi ya kwanza ya magari yalikuwa meupe au ya kijivu, kwa kuwa kijazo chake kilikuwa oksidi ya zinki. Mwaka 1904, katika kiwanda cha Silvertown jijini London, S. C. Mote alitia masizi kwenye mpira na kuona umeimarika kuliko ilivyotazamiwa. Kampuni ya B. F. Goodrich ya Marekani ilichukua ujuzi huo miaka michache baadaye, na tairi likawa jeusi. Oksidi ya zinki haikuondoka. Ilipunguzwa, ikabaki kuharakisha kazi ya salfa.

Masizi ya leo hayakwanguliwi kwenye chungu. Mafuta mazito ya petroli au ya lami ya makaa hunyunyizwa ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400 na hewa isiyotosha kuyaunguza yote, kisha moshi huzimwa kwa maji kabla punje hazijakua. Mhandisi akichelewesha maji, punje huwa kubwa. Madaraja ya masizi hutajwa kwa herufi N na tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza inafuata ukubwa: N110 ina punje za takriban nanomita 20, N330 karibu 30, N660 kati ya 50 na 60, na N990, ambayo huimarisha kidogo tu, karibu 280.

Lakini punje moja ya masizi haiishi peke yake. Ndani ya tanuri, punje kadhaa hadi mamia huungana kuwa kishada chenye matawi, na kishada hicho hakivunjiki tena kirahisi. Matawi hayo yana mapengo, na mpira unaoingia katika mapengo hujificha: mvuto wa nje hauufikii mpira huo, hivyo unakuwa kana kwamba ni sehemu ya kijazo. Ndiyo sababu masizi mawili yenye uso sawa yanaweza kutoa ukakamavu tofauti. Yale yenye matawi mengi hushinda.

Hesabu inasaidia kuona. Eugene Guth na O. Gold walipendekeza mwaka 1938 kanuni ya ukakamavu wa mpira wenye punje za mviringo, wakianzia kwenye kazi ya Einstein juu ya mnato wa kimiminika chenye chembe: ukakamavu wa mpira mtupu huzidishwa kwa 1, jumlisha 2.5 mara sehemu ya ujazo wa kijazo, jumlisha 14.1 mara mraba wa sehemu hiyo. Masizi ya uzito wa 50 kwa kila 100 za mpira, kipimo cha kawaida cha tairi, huchukua kama asilimia 20 ya ujazo. Kanuni inatoa ongezeko la mara 2.1. Maabara hupata zaidi ya hapo, hasa mvuto ukiwa mdogo. Tofauti hiyo inatokana na mpira uliojificha ndani ya matawi, na mpira uliong'ang'ania uso wa punje kiasi kwamba hata toluini, kiyeyushi kinachoyeyusha mpira mbichi wote, haiwezi kuung'oa. Wapimaji huupima mpira huo ulionasa na kuutumia kama kipimo cha mshikamano.

Sababu nyingine ni kwamba vishada hugusana na kufanya mtandao wa pili ndani ya wavu wa mpira. Mtandao huu ni dhaifu. Mpira ukitikiswa kidogo unahisi mkakamavu sana. Ukitikiswa zaidi, mtandao unavunjika na ukakamavu unashuka ghafla, halafu ukipumzishwa unajijenga upya. A. R. Payne aliueleza mwenendo huo kwa kina katika miaka ya 1960, na unabeba jina lake. Leonard Mullins naye alichunguza jambo la karibu na hilo: mpira wenye kijazo ukivutwa mara ya kwanza, mara ya pili hulainika hadi kufikia urefu wa mvuto ule wa kwanza. Kwa sababu hiyo baadhi ya vipimo vya maabara hufanywa baada ya kipande kuvutwa mara kadhaa. Fundi anayeamini mvuto wa kwanza peke yake anajipunja.

Kuvunjika na kujengeka kwa mtandao kunakula nishati, na nishati hiyo hugeuka joto. Hapo ndipo faida ya udogo inapoanza kudai malipo. Masizi madogo zaidi hulinda mpira vizuri zaidi dhidi ya kulika, lakini hupasha mpira joto zaidi. Kwenye baiskeli inayosukumwa ikiwa na mzigo wa magunia, joto hilo si kitu. Kwenye lori kubwa la mgodi wa shaba, lenye matairi manene yasiyoweza kupoa haraka, joto la ndani linaweza kutenganisha tabaka za tairi ilhali nje bado ni zima. Matairi ya namna hiyo hutengenezwa kwa mpira wa asili kwa wingi, kwa sababu wenyewe hauchemki sana na haukubali kuchanika na mawe, na masizi yake huchaguliwa kwa tahadhari.

Mikanda ya kusafirisha mawe inaonyesha mabadilishano hayo kwa tarakimu. Kanuni za Ujerumani za mikanda, zinazofuatwa na wanunuzi wengi duniani, zina madaraja ya mpira wa juu. Daraja X linadai mpira usiokatika chini ya megapaskali 25, na ukisuguliwa kwenye ngoma ya msasa usipoteze zaidi ya milimita za ujazo 120. Daraja W linaruhusu kupoteza 90 tu, lakini nguvu ya mvuto inayodaiwa inashuka hadi 18. Mkanda unaobeba mchanga na kokoto ndogo unafaa kuwa wa W. Unaoangukiwa na mawe makubwa yenye ncha unafaa kuwa wa X, wenye mpira wa asili mwingi. Mnunuzi anayetaka kilele cha yote mawili hatapata muuzaji mkweli.

Katika mgodi wa makaa ya mawe kuna sharti jingine ambalo halihusu nguvu. Mkanda unaosugua magurudumu hujaza umeme tuli, na cheche moja kwenye vumbi la makaa inatosha. Masizi hupitisha umeme. Yakiwa mengi kiasi vishada vigusane mfululizo, mkanda humwaga umeme wake taratibu. Moto ni shida tofauti, na masizi hayaizuii. Tarehe 26 Septemba 1950, mkanda wa mpira uliochanika na kuwaka katika mgodi wa Creswell, Uingereza, uliua wachimbaji 80, na tangu hapo mikanda ya chini ya ardhi katika nchi nyingi hutakiwa isishike moto.

Mpinzani mkuu wa masizi ni silika, yaani oksidi ya silikoni inayogandishwa kutoka kwenye maji ikiwa na punje za nanomita 10 hadi 30. Udogo inao, kasoro yake ni tabia ya uso. Uso wa masizi unapatana na mpira, uso wa silika unapenda maji na unapenda silika mwenzake. Ikitiwa peke yake, punje hukumbatiana na kuuacha mpira pembeni. Dawa yake ni sileni, molekuli yenye ncha mbili: moja hushika silika, nyingine yenye salfa hufungana na mpira wakati wa kuivishwa. Michelin ilileta sokoni matairi ya silika na sileni mwaka 1992, na matairi ya magari madogo yakapunguza matumizi ya mafuta bila kuteleza kwenye maji. Kwa mpira wa asili silika imeenda taratibu zaidi. Protini zilizobaki kutoka kwenye utomvu hung'ang'ania uso wa silika na kushindana na sileni, na tairi la lori bado hulika polepole zaidi likiwa na masizi.

Udongo ulioumbika kwa tabaka ni habari ya kuvutia kuliko zote katika uwanja huu, na pia ndiyo iliyotiwa chumvi kuliko zote. Madini ya montimorilonaiti yana karatasi za unene wa nanomita 1 tu na upana wa mamia ya nanomita, zilizorundikwa moja juu ya nyingine. Zikitenganishwa kwa chumvi za amonia zenye mikia mirefu ya mafuta, mpira huingia katikati yake. Watafiti wa Hispania walionyesha mwaka 2003 kwamba sehemu 10 za udongo ulioandaliwa hivyo kwa 100 za mpira wa asili zilifikia nguvu inayokaribiana na ya sehemu 40 za masizi, mpira ukabaki na unyumbufu wake. Karatasi hizo pia hulazimisha hewa kupita njia ndefu ya kuzungukazunguka, jambo jema kwa mirija ya ndani ya matairi. Lakini ukinzani dhidi ya kulika haukui kwa kiwango hicho hicho, na karatasi zisipotenganishwa barabara, udongo hurudi kuwa kijazo cha kawaida. Mirija ya kaboni, iliyojulikana sana baada ya kazi ya Sumio Iijima mwaka 1991, na grafini, iliyotengwa Manchester mwaka 2004, hutoa ukakamavu mkubwa kwa kiasi kidogo sana. Bei na ugumu wa kuzisambaza vimezizuia kuingia kwenye matairi ya kawaida.

Kusambaza ndiko kunakoamua yote. Mashine ya Fernley Banbury, ya mwaka 1916, husukuma mpira na kijazo kati ya rota mbili ndani ya chumba kilichofungwa, na kazi yake ni kuvunja mabonge bila kukata minyororo ya mpira kupita kiasi. Punje zikiwa ndogo zaidi, mabonge hushikana kwa nguvu zaidi, hivyo kijazo bora kwenye karatasi kinaweza kuwa kibaya kiwandani. Bonge la nano lenye upana wa maikromita 20 ni punje kubwa tu, lenye madhara yale yale ya kuanzisha mpasuko. Mpira ukiwa bado utomvu, kijazo kinaweza kuchanganywa ndani ya maji na vyote kugandishwa pamoja. Njia hiyo huwafaa vizuri wenye udongo na selulosi.

Vitu vinavyopatikana kando ya reli ya Luena vinafaa kupimwa kwa kanuni hizo. Makaa yenyewe, yaliyochomwa kwa miongo mingi katika viwanda vya Katanga kikiwemo cha saruji cha Lubudi, yana majivu mengi, na majivu ni punje ngumu zisizoshikana na mpira. Chokaa ya mawe ya Lubudi ikisagwa inatoa kijazo cha kupunguza gharama. Ili iimarishe kidogo lazima iyeyushwe na kugandishwa upya kuwa punje za chini ya nanomita 100 na kufunikwa kwa asidi ya mafuta, kazi ya kiwanda cha kemia, haiwezekani kwa kinu. Matairi makuukuu yaliyosagwa hayana faida kubwa kuliko chokaa: masizi yamo ndani, lakini yamefungwa katika chembe za mpira ulioivishwa zenye upana wa mamia ya maikromita. Tairi hilo hilo likikatwa kuwa katambuga linatumika vizuri zaidi, kwa sababu masizi yake yanaendelea na kazi yaliyowekewa.

Katanga ina tatizo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa sentensi moja. Shaba na manganizi ni sumu ya mpira wa asili. Ioni zake huharakisha hewa kuikata minyororo, mpira ukageuka kunata au kupasukapasuka, na hata kiasi cha sehemu chache kwa milioni kinatosha kufupisha umri wake. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vya utomvu huweka kikomo kikali kwa metali zote mbili. Shaba iko kote kuanzia Kolwezi hadi Lubumbashi, na manganizi ilichimbwa Kisenge, magharibi. Udongo au mchanga wa eneo hilo unaweza kuwa na punje ndogo kuliko zote zinazotakiwa na bado ukaua mpira ndani ya miezi. Anayenunua kijazo kutoka ukanda wa shaba adai kwanza cheti cha maabara kinachotaja shaba na manganizi, ndipo aulize ukubwa wa punje.